Diski ya Kompyuta Ikianza Kuharibika: Nakili Kwanza, Tengeneza Baadaye

Kompyuta kuchelewa kuwaka, faili kukataa kufunguka na mlio wa kugonga ndani ya kasha ni dalili ambazo watumiaji wengi hukabiliana nazo kwa kuizima kompyuta na kuiwasha tena. Kwa diski kuu inayokaribia kuharibika, tabia hiyo huweza kupoteza kabisa kumbukumbu za ofisi, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa au picha za familia.

Ndani ya diski hiyo mna sahani zenye utando wa sumaku, ambazo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kikigusa sahani hukwangua utando, na taarifa zilizokuwa mahali hapo hazirejesheki.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kuacha kuitumia diski. Mtumiaji hapaswi kuweka programu mpya wala kuendesha programu ya kurekebisha makosa kama CHKDSK, kwa kuwa hubadilisha yaliyomo katika diski ileile na kuiongezea kazi.

Iwapo diski bado inatambulika na haigongi, hatua ya pili ni kuinakili yote kwenye diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Programu huria ya GNU ddrescue huanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huruka zenye hitilafu na kuzirudia baadaye. Huhifadhi pia orodha ya sehemu zilizokwisha kunakiliwa, hivyo umeme ukikatika kazi huendelea ilipoishia. Umakini unahitajika, kwani kukosea kutaja diski ya kunakiliwa na ya kupokea hufuta kilichokusudiwa kuokolewa. Baada ya hapo, faili zilizopotea hutafutwa ndani ya nakala kwa programu kama TestDisk au PhotoRec, na diski ya awali huachwa ipumzike.

Diski inayogonga au isiyotambulika izimwe mara moja na ipelekwe kwa mtaalamu mwenye chumba kisicho na vumbi. Kuifungua nyumbani huingiza vumbi, na kuigandisha kwenye jokofu huleta unyevu. Kabla ya kuikabidhi, mwenye diski athibitishe namna siri zake zitakavyolindwa. Nchini Tanzania, taarifa za watu zilizomo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hata hivyo, hakuna mtaalamu anayeweza kuahidi kurejesha kila kitu. Wananchi na watumishi wanashauriwa kuwa na nakala tatu za taarifa muhimu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, na kuzifungua mara kwa mara ili kuhakikisha kuwa zinasomeka.