Mdudu wa Kifua Kikuu na Namna Anavyotambuliwa

Ni machache maradhi yafichwayo majumbani mwetu kama kifua kikuu. Mtu hukohoa mwezi mzima, akakonda, akatoka jasho usiku, na watu wake wakasema amefanyiwa sihiri, au wakanyamaza kwa kuogopa maneno ya jirani. Kwa hivyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu vipi mdudu wa maradhi haya hutambuliwa, ili ijulikane kuwa jambo hili si la kubahatisha.

Tarehe 24 Machi 1882, katika mji wa Berlin, daktari wa Kijerumani Robert Koch aliwatangazia wenziwe kwamba amemwona. Ni mdogo mno, mfano wa kijiti chembamba, naye amevikwa utando wa mafuta kama nta. Utando huo ndio umfichuao. Makohozi hupakwa juu ya kioo, yakatiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, kisha yakaoshwa kwa tindikali. Vijidudu vingi vyengine huiachia rangi. Yeye hubaki mwekundu, akaonekana kwa hadubini. Lakini wakiwa wachache, chini ya 5,000 hivi katika mililita moja ya makohozi, hadubini huweza kuwakosa.

Njia ya pili ni kumwotesha, nako kwataka subira ya wiki kadhaa, kwani hukua polepole sana. Ya tatu ni mashine iitwayo GeneXpert, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2010. Hiyo husoma nasaba ya mdudu, na kwa muda wa saa mbili hivi ikajulisha kama yumo, na kama ameishinda dawa ya rifampisini.

Nasaba hiyo ina habari nyengine kwetu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023, kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Dar es Salaam, ulionyesha kuwa ukoo ulioenea zaidi huko asili yake ni Bara Hindi, nao uliingia Tanzania yapata miaka 300 iliyopita. Sisi wa Unguja, tuliozoea majahazi ya kaskazi, hatuoni ajabu. Mdudu husafiri na watu, wala hana kabila. Basi ni aibu gani ya kumfichia mgonjwa?

Maradhi haya hupita kwa pumzi, si kwa sahani wala kupeana mkono. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, tufungue madirisha. Aliyekohoa wiki mbili na apeleke makohozi yake Mnazi Mmoja, na wa shamba Kivunge au Makunduchi.

Dawa huliwa kwa kawaida miezi 6. Hapo ndipo wengi huteleza: baada ya wiki chache mgonjwa hupata nguvu, akaiacha, na wadudu waliobaki wakaizoea. Mkojo ukigeuka mwekundu usimtishe. Ni rangi ya dawa. Wala asiikatize kwa ajili ya Ramadhani: amuulize daktari wake, kwani mgonjwa ameruhusiwa kula, akalipa siku nyengine.

Bwana Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa. Anayemficha mgonjwa humnyima dawa hiyo, na huwahatarisha watoto walalao naye chumba kimoja. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.