Nyambizi Moja, Viwanda Viwili

Nyambizi zote za nyuklia zinazoundwa Marekani siku hizi hutoka pwani ya mashariki, katika viwanda viwili tu. Cha kwanza ni cha Electric Boat, mjini Groton, jimbo la Connecticut. Cha pili ni cha Newport News, Virginia, ambacho pia huunda meli za kubebea ndege za kivita. Zamani vilikuwa mahasimu. Vita Baridi vilipokwisha, nyambizi za aina ya Seawolf zikakomea 3, na kazi ikawa haba. Bunge nalo halikutaka ujuzi huo ubaki mikononi mwa kampuni moja. Mwaka 1997 mahasimu wakatia saini mkataba wa kuunda pamoja nyambizi za aina ya Virginia.

Kazi yenyewe huonekana vizuri zaidi Quonset Point, Rhode Island, kwenye karakana za Electric Boat. Hapo mwili wa nyambizi ni mapipa ya chuma yenye upana wa mita 10 hivi. Sakafu huundwa nje, zikafungwa mabomba, nyaya na vyombo, vikajaribiwa, ndipo zikasukumwa ndani ya pipa kama mtoto wa meza. Mafundi wana hesabu yao: kazi ya saa 1 karakanani huwa ya saa 8 ikifanywa ndani ya chombo kilichokwisha fungwa, ambamo fundi hujipenyeza kwa ubavu.

Newport News huunda omo, tezi, mnara, chumba cha torpedo na malazi. Electric Boat hushika chumba cha mitambo na cha uongozaji. Sehemu ya kinu cha nyuklia huundwa na yule ambaye ni zamu yake kukamilisha chombo. Vipande husafirishwa baharini kwa tishari, kisha huunganishwa. USS Virginia, ya mwaka 2004, ilikamilishwa Groton. Iliyofuata, USS Texas, Newport News.

Mpango huu umeokoa viwanda vyote viwili, lakini kwa maoni yangu umevifunga pingu moja: mmoja akikwama, mwenzake hana la kuunganisha. Lengo ni nyambizi 2 za Virginia kwa mwaka. Tangu 2022 wastani umekuwa 1.2 hivi. Mwaka 2024 jeshi la majini lilitangaza kwamba nyambizi ya kwanza ya aina mpya ya Columbia, inayounganishwa Groton, itachelewa miezi 12 hadi 16. Miongoni mwa sababu ni omo yake, iliyochelewa kutoka Newport News.