Tela Linaloyumba: Sababu Zake na Namna ya Kulizuia

Kila mwaka wakati wa mavuno barabara za Singida hujaa matela. Yako yanayokokotwa na matrekta kutoka Mkalama, Iramba na Ikungi, yamebeba alizeti kwenda kwenye mashine za kukamua mafuta. Yako yanayofungwa nyuma ya motokaa ndogo, yamejaa vitunguu vya kwenda soko la Misuna, au yamebeba tangi la maji wakati wa kiangazi. Na katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Nzega hupita malori makubwa yenye matela yao, yakielekea Mwanza, Rwanda na Burundi. Hata wageni wanaosafiri na nyumba zao za kukokotwa huwapo nchini, ingawa ni wachache.

Matela haya yote, makubwa kwa madogo, yana ugonjwa mmoja, nao ni kuyumba. Leo twapenda kueleza asili ya ugonjwa huu na dawa yake, kwa kuwa huharibu mali na kuua watu, na sehemu kubwa yake yaweza kuzuiwa na mtu asiye na chombo chochote ila mizani na akili yake.

Watu wengi, tela likipinduka, husema ni upepo, au ni shimo la barabarani, au ni bahati mbaya. Upepo na shimo huamsha ugonjwa tu; wenyewe ulikuwamo tangu tela lilipopakiwa nyumbani. Tela mbili zaweza kupita mahali pamoja, kwa mwendo mmoja, katika upepo ule ule. Moja likatikisika kidogo na kutulia, la pili likaenda upande huu na upande huu mpaka likaanguka. Tofauti yao ni namna zilivyopakiwa.

KUYUMBA NI NINI

Tela la magurudumu mawili hufungwa nyuma ya motokaa kwa kifungio kimoja tu. Hapo laweza kugeuka kama mlango katika bawaba yake. Likisukumwa ubavuni na upepo, nyuma yake huenda kushoto. Magurudumu hulirudisha katikati. Lakini kwa kuwa ni zito na lina mwendo, halisimami katikati bali hupita na kwenda kulia. Likiwa limepakiwa vema, kila mara huenda pungufu ya mara ya kwanza, na baada ya mara mbili tatu hutulia. Likiwa limepakiwa vibaya, kila mara huenda zaidi. Basi hapo tela huanza kusukuma makalio ya motokaa kushoto na kulia, na dereva aliyekuwa akilivuta tela huona kuwa sasa tela ndilo linalomwongoza.

SOMO LA MKOKOTENI

Mzee yeyote aliyekokota mizigo kwa maksai ajua jambo hili, ingawa hakulisoma shuleni. Mkokoteni wa magurudumu mawili ukipakiwa sana nyuma, ule mti wa katikati huinuka na kuwakaba maksai shingoni. Ukipakiwa sana mbele, nira huwalemea shingo. Kwa hiyo mzee hupanga mzigo mpaka mti ulale juu ya nira kwa uzito kidogo tu, usiinuke wala usilemee. Maksai humwambia mara moja kama amekosea. Motokaa ni bubu. Haisemi neno mpaka imefika mwendo wa kasi, na hapo imechelewa kusema.

Atakaye kuona kwa macho yake na ajaribu kwa kigari cha makopo wanachounda watoto. Fungeni kitela nyuma yake, mtie jiwe mbele ya magurudumu ya kitela, kisha mkiachie kigari katika ubao ulioinama. Mtaona kitela chamfuata bwana wake. Sasa hamisheni jiwe lile lile nyuma kabisa ya magurudumu. Kitela kitaanza kupunga mkia. Jiwe halikuongezeka uzito. Mahali pake tu pamebadilika.

KUPIMA UZITO WA MBELE

Kanuni ya kwanza, basi, ni kwamba sehemu ya uzito wa tela yapasa ilalie kifungio cha motokaa. Huko Marekani, ambako watu wengi hukokota nyumba za safari, desturi ni sehemu 10 mpaka 15 katika kila 100 za uzito wote wa tela. Uingereza hushauri pungufu, yaani sehemu 5 mpaka 7 katika 100, na mwendo wa tela katika nchi za Ulaya kwa kawaida una mpaka wake. Ujerumani, mathalani, mpaka wa kawaida wa motokaa yenye tela ni kilomita 80 kwa saa.

Kupima si kazi ngumu. Simamisheni tela mahali sawa, mzuie magurudumu kwa mawe, mweke ncha ya mkono wa tela juu ya mizani ile ile ya kupimia magunia, kwa kimo kile kile kitakachokuwa likifungwa. Tuseme tela pamoja na mzigo lina kilo 1,000, na mizani yaonyesha kilo 60. Uzito huo ni mdogo. Twataka kilo 100. Tuseme tena kwamba kutoka ekseli ya magurudumu mpaka kifungio ni meta 3. Gunia la kilo 60 likisogezwa mbele kwa meta 1, uzito wa kifungio huongezeka kwa theluthi ya gunia, yaani kilo 20. Basi sogezeni magunia mawili mbele kwa meta moja moja, na mizani itasoma kilo 100. Hesabu hii hata mtoto wa shule aweza kumfanyia baba yake.

Walakini msizidishe. Uzito mwingi mno mbele hushusha nyuma ya motokaa na kuinua magurudumu yake ya mbele, na usukani ukawa mwepesi usioshika njia. Kila motokaa ina kipimo chake kilichowekwa na watengenezaji, kisizidiwe.

MZIGO MZITO UKAE KATIKATI

Kanuni ya pili husahauliwa hata na wanaoijua ya kwanza. Mtu aweza kutia kitu kizito mbele kabisa na kingine kizito nyuma kabisa, mizani ikasoma vema, na tela likayumba vile vile. Kwa nini? Mfikirini mtu aliyechukua mzega begani, ndoo moja mbele na moja nyuma. Akigeuka ghafula, ndoo hukataa kugeuka. Na zikishakuanza kugeuka, hukataa kusimama. Lakini akizikumbatia kifuani, hugeuka na kusimama apendavyo. Hivyo ndivyo lilivyo tela. Kitu kikiwekwa mbali na ekseli mara mbili ya kilivyokuwa, nguvu yake ya kukataa kusimama huzidi mara nne. Kwa hiyo vitu vizito viwe karibu na ekseli, mbele yake kidogo, na vyepesi ndivyo viende mwishoni.

Tena mzigo uwe chini. Alizeti ni nyepesi kwa gunia lake, ndiyo maana watu hushawishika kupanda safu juu ya safu mpaka tela lina kimo cha nyumba. Hapo upepo umepata ukuta wa kusukuma. Na magunia ya lumbesa, pamoja na kumwibia mkulima, hayalali sawa, huteleza safarini, na mzigo uliopangwa vema asubuhi huwa umehama kabla ya adhuhuri. Fungeni kwa kamba imara, mkaze tena baada ya mwendo wa kwanza.

Wachukuao maji nao wasikie: tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa kabisa, kwa sababu maji hukimbia upande huu na huu, na kila yakifika ukutani hulipiga tela teke.

MWENDO

Kanuni ya tatu ni mwendo. Kwa mwendo wa polepole karibu kila tela hutulia lenyewe. Mwendo ukizidi, huchelewa kutulia. Na kila tela, kwa jinsi lilivyopakiwa siku hiyo, lina mwendo wake ambao likiupita halitulii tena, bali kila mpungo huzaa mwingine mkubwa zaidi. Hii ndiyo sababu dereva asijitetee kwa kusema, “Jana nilikwenda hivi hivi, sikuona kitu.” Jana mzigo ulikuwa mwingine.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 80 kwa saa kuwa mwisho kwa magari mazito yanayozidi kilo 3,500, na 50 mahali penye makazi ya watu. Hiyo ni mipaka ya juu, si amri ya kuifikia. Mwenye tela lililojaa na akae chini ya hapo.

Ziko sehemu mbili za kuangalia sana katika mkoa wetu. Ya kwanza ni uwanda ulio wazi, ambako upepo wa kiangazi hauna kizuizi. Watu wamekwisha kupima upepo wa Singida kwa nia ya kuufanya umeme. Basi upepo wa kuweza kuzungusha mashine waweza pia kusukuma tela. Vilevile basi kubwa likikupita kwa kasi, hewa yake hulisukuma tela lako kwanza, kisha hulivuta. Ya pili ni mlima Sekenke, kati ya Misigiri na Shelui, ambako barabara hushuka kwenda bonde la Wembere. Katika mteremko tela halivutwi tena; lasukuma. Nalo lisukumalo huyumba upesi. Ingieni katika gia nzito kabla ya kuanza kushuka, wala msitoe gia kwa ajili ya kubana mafuta. Senti zinazobanwa hapo hazitoshi kununua jeneza.

LIKIANZA KUYUMBA

Ikiwa limeanza, mambo matatu yaharibu. Kukanyaga breki za motokaa kwa nguvu huifanya motokaa ipunguze mwendo ilhali tela bado lasukuma, nalo hujikunja. Kuongeza mwendo ili kulinyosha ni kuongeza kile kile kilicholeta ugonjwa. Na kugeuza usukani ili kuufuata kila mpungo ni kama kusukuma bembea: mkono wa mtu huchelewa kidogo, na kila asukumapo huongeza.

Lifanyeni hili: shikeni usukani imara, motokaa itazame mbele, ondoeni mguu katika mafuta taratibu, mwache mwendo upungue wenyewe. Kama tela lina breki zake zinazoweza kufungwa peke yake, zifungeni kidogo kidogo, maana zitalivuta nyuma na kulinyosha. Likitulia, msishukuru na kuendelea. Simameni mahali salama, mpange mzigo upya.

MANENO KWA WENYE MATREKTA

Trekta lina pedeli mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, ili ligeuke upesi shambani. Barabarani pedeli hizo hazina budi kuunganishwa kwa komeo lake. Zikiachwa mbalimbali, dereva akakanyaga moja, trekta hugeuka ghafula na tela humpanda.

Tena tela la magurudumu manne, ambalo ekseli yake ya mbele hugeuka, haliweki uzito juu ya kifungio. Hivyo kanuni ya mizani tuliyoeleza si yake. Lakini nalo hupunga mkia, na dawa yake ni mzigo uliosawazishwa, pini zisizolegea, na mwendo mdogo.

Na watu wasipandishwe juu ya mzigo, hata kama ni kwenda mnadani au msibani. Mtu aliye juu ya magunia ni mzigo unaohama, na tela likiyumba yeye ndiye wa kwanza kurushwa.

KABLA YA KUONDOKA

Kwanza, tazameni upepo wa tairi zote za tela, pande zote mbili ziwe sawa. Pili, tikiseni magurudumu mjue kama beringi zimelegea, mkaze na nati zake. Tatu, tazameni springi na pini ya kifungio. Nne, fungeni minyororo miwili ya usalama kwa kupishana chini ya mkono wa tela, ili kifungio kikikatika mkono udakwe usichome ardhi. Tano, tela lilale sawa, lisiinue pua. Sita, taa za nyuma ziwake.

Wenye malori hupita katika mizani ya barabarani, nako hupimwa kila ekseli, kwa kuwa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika hapa mwaka 2019, haikubali gari na mzigo wake kuzidi tani 56. Lakini mizani ile huilinda barabara. Haimwambii dereva kama mzigo umekaa vema mbele na nyuma, wala mwenye trekta la kijijini hapiti hapo. Hivyo mizani ya kuzuia kuyumba haina budi kuwa nyumbani, penye ghala, siku ya kupakia.

Basi, ndugu zetu, dereva peke yake asilaumiwe. Anayepakia, mwenye mzigo anayesema “ongezeni mengine mawili nyuma,” na mwenye gari anayeharakisha safari, wote wanashika usukani ule. Mwenda pole hajikwai. Afadhali nusu saa ya kupanga magunia upya penye ghala, kuliko kuyaokota barabarani pamoja na watu.