Moyo kwenda mbio juu ya baiskeli: lini ni afya, lini ni hatari?

Barua zinazofika mezani kwangu baada ya mazungumzo yetu ya kila wiki redioni huwa ni za barabara, maji na bei ya pamba. Safari hii imekuja ya aina nyingine. Mama mmoja wa Nyankumbu, mjini Geita, anaeleza kuwa mumewe, mwenye umri wa miaka 48, alinunua baiskeli ya gia na sasa kila Jumapili huondoka alfajiri kuelekea Nzera. Amevaa saa ile ya kisasa inayohesabu mapigo ya moyo. Juzi alirudi, akamwonyesha mkewe namba iliyobaki kwenye saa: 181. Jirani aliyekuwepo akasema moyo wa mtu mzima ukifika hapo unapasuka. Tangu siku hiyo mama huyo halali, na gurudumu la mbele amelificha chini ya uvungu. Anauliza kama amefanya sawa.

Swali lake si la nyumba moja. Hapa kwetu baiskeli si kitu cha anasa. Mgeni aliyefika Shinyanga miaka ya nyuma akisikia neno "daladala" alidhani ni basi dogo kama la Dar es Salaam, kumbe ni Phoenix yenye karia iliyofungwa sponji, na kijana anayenyonga na abiria wake kutoka stendi hadi Ngokolo au Ndala kwa nauli ya sarafu chache. Pikipiki zimewapokonya vijana hao kazi nyingi, lakini mkaa, madumu ya maziwa na magunia ya mahindi bado yanaingia mjini juu ya magurudumu mawili. Na mbio za baiskeli zinapoandaliwa kanda ya ziwa, Wasukuma hujaa kandokando ya barabara kama wanavyojaa kwenye ngoma.

Kilicho kipya ni kundi la tatu: walimu, makarani, wafanyabiashara wa duka na mafundi wa migodini wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, ambao juma zima wamekaa kwenye kiti, halafu Jumamosi au Jumapili wanatoka kilomita 40 au 60 kwa ajili ya afya. Hawa ndio wanaovaa saa, na hawa ndio wanaoogopa.

Tuanze na moyo wenyewe. Kwa mtu mzima aliyepumzika, moyo hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kila pigo husukuma damu kiasi cha mililita 70 hivi, kwa hiyo mtu aliyekaa kibarazani akinywa chai, moyo wake husukuma karibu lita 5 kwa dakika. Akipanda baiskeli, misuli ya mapaja hudai hewa ya oksijeni, na anayeileta ni damu tu. Moyo huitikia kwa kupiga haraka zaidi na kwa nguvu zaidi. Mtu wa kawaida akifika mwisho wa uwezo wake, husukuma karibu lita 20 kwa dakika. Fikiri juu ya ndoo kubwa ya maji inayojazwa na kumwagwa kila dakika! Moyo usiokwenda mbio wakati wa kupanda kilima ndio ungekuwa na kasoro.

Jirani yule aliyesema moyo hupasuka alikuwa na wazo ambalo nimelisikia mara nyingi, kwamba Mungu amempa kila mtu idadi yake ya mapigo na anayeyatumia ovyo atakufa mapema. Hata tukikubali mchezo huo, hesabu inamkataa. Mtu asiyefanya mazoezi, mwenye mapigo 75 kwa dakika, hutumia mapigo 108,000 kwa siku. Mwendesha baiskeli ambaye mazoezi yamemshusha hadi mapigo 65 akipumzika, akinyonga saa nzima kwa mapigo 150, atatumia 9,000 katika saa hiyo na 89,700 katika saa 23 zilizobaki. Jumla ni 98,700. Yaani pamoja na kuhema kwake kote, amebakiza mapigo 9,300 kwa siku moja.

Moyo uliozoezwa hutanuka kidogo na kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, ndiyo maana haulazimiki kupiga mara nyingi. Miguel Induráin wa Hispania, aliyeshinda mbio za Ufaransa mara 5 mfululizo kuanzia 1991 hadi 1995, alisifika kwa kuwa na mapigo 28 tu akiwa amepumzika. Huyo ni mtu wa pekee, usijilinganishe naye. Lakini mapigo 50 kwa mtu anayenyonga kila siku si ugonjwa.

Faida ya kutumia viungo haikugunduliwa jana. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kwenye usukani kutwa, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko matingo waliopanda na kushuka ngazi wakikatisha tiketi. Basi lilikuwa moja, barabara ileile, lakini mioyo tofauti. Na huko Copenhagen, nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa watu wasiokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi kwa asilimia 39 kile cha wenzao waliokwenda kwa baiskeli, hata baada ya mambo mengine kuzingatiwa.

Sasa turudi kwenye ile 181. Wengi wamesikia kanuni ya kuchukua 220 na kutoa umri. Kwa mtu wa miaka 48 jibu ni 172, na hapo 181 inaonekana kama gari lililovuka mwisho wa dashibodi. Lakini kanuni hiyo ilitoka kwa watafiti wa Marekani, Fox na Haskell, mwaka 1971, waliochora mstari wa makadirio kupitia takwimu za uchunguzi mwingine uliokuwepo. Ni wastani tu. Watu wazima wa umri mmoja hutofautiana, mmoja akiwa na kilele chake mapigo 10 au hata 20 juu ya mstari, mwingine chini yake. Mwaka 2001 watafiti wengine walipendekeza kanuni iliyo bora kidogo: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa jibu kutoka 208. Kwa bwana wa Nyankumbu inatoka 174, na tofauti kati ya mtu na mtu bado ipo palepale. Kwa hiyo 181 peke yake, juu ya kilima, kwa mtu asiyesikia maumivu wala kizunguzungu, si hukumu ya kifo.

Pili, saa nayo hudanganya. Ile taa ya kijani chini yake humulika ngozi na kusoma damu inavyopita. Mkanda ukilegea, jasho likiingia, na baiskeli ikitikisika kwenye barabara ya changarawe, saa inaweza kuhesabu mtikisiko au mzunguko wa miguu badala ya moyo. Mkanda unaofungwa kifuani husoma vizuri zaidi. Mimi naamini vidole kuliko vyote, na havina bei. Simama, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Usitumie dole gumba kupima, kwa sababu lina mapigo yake lenyewe. Mapigo hushuka upesi ukisimama, kwa hiyo anza kuhesabu papo hapo.

Kuna na kipimo cha maneno. Ukinyonga na unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, uko kwenye mwendo wa wastani. Ukishindwa kutoa zaidi ya maneno mawili matatu bila kuvuta pumzi, uko kwenye mwendo mkali. Kwa mtu wa miaka 48 aliyeanza juzi, sehemu kubwa ya safari iwe ile ya kuongea.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba moyo unavyoshuka husema mengi kuliko ulivyopanda. Mwaka 1999 watafiti wa Cleveland, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliopimwa wakifanya zoezi. Wale ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza baada ya zoezi kali walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka 6 iliyofuata. Bwana wetu akifika kileleni na 175, apunguze mwendo, apime tena baada ya dakika moja. Akiwa na 145, moyo wake unajua kupumzika. Akibaki 170, na ikawa hivyo mara kwa mara, aende kwa daktari.

Jua letu nalo lina sehemu yake. Yeyote aliyenyonga kutoka Shinyanga mjini hadi Kolandoto saa nane mchana mwezi wa Oktoba anajua: mwendo ni uleule, barabara ni tambarare, lakini mapigo yanapanda taratibu kadiri muda unavyokwenda. Mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe, na jasho linapunguza maji yaliyomo kwenye damu. Damu ikipungua, moyo hufidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Dawa yake ni alfajiri na chupa ya maji. Vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wetu wamevifanya kama mafuta ya taa ya kwenye karabai, vina kafeini, na kafeini huukimbiza moyo hata kabla hujakanyaga pedali.

Lakini nisieleweke kwamba kila mwenda mbio ni mzima. La hasha. Moyo unaokwenda mbio ukiwa umekaa, zaidi ya mapigo 100 siku baada ya siku, unatafuta kukwambia kitu. Unaweza kuwa upungufu wa damu, ambao katika kanda hii yenye malaria na selimundu ni jambo la kila siku. Inaweza kuwa tezi ya shingo. Kwa vijana, inaweza kuwa vali za moyo zilizoharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa. Kijana wa namna hiyo anaweza kuonekana mwenye nguvu, anapakia magunia mawili ya mkaa, hadi siku anapoanza kuvimba miguu.

Na kwa ndugu zangu wa Rwamagasa na Nyarugusu, mnaoshinda kwenye maduara na kwenye karasha: vumbi la mawe huharibu mapafu, na mapafu yakiharibika upande wa kulia wa moyo hulemewa kwa kusukuma damu kupita humo. Ukiona baiskeli uliyoinyonga mwaka jana bila shida sasa inakutoa pumzi, usiseme ni uzee. Kapimwe mapafu, na kifua kikuu pia.

Zipo dalili ambazo hazingoji Jumatatu. Maumivu au kubanwa kifuani, yanayokwenda begani, mkononi au kwenye taya. Kuzimia, au kuona giza ukiwa bado unanyonga. Mapigo yanayoanza ghafla kama mtu aliyewasha swichi, au yasiyo na mpangilio, moja refu, mbili fupi. Hapo shuka, kaa kivulini, tafuta usafiri uende hospitali. Usirudi nyumbani kwa kunyonga. Mwenye ndugu wa karibu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50 naye asianze mbio bila kuchunguzwa.

Hata wanamichezo wa kweli wana mipaka. Watafiti wa Sweden walichunguza watu zaidi ya 52,000 walioshiriki mbio za kuteleza juu ya theluji za Vasaloppet, kilomita 90, na mwaka 2013 wakaeleza kuwa walioshiriki mara nyingi zaidi na waliokimbia kasi zaidi walipatwa zaidi na matatizo ya mpangilio wa mapigo. Hiyo ni miaka mingi ya mazoezi makali mno. Safari ya Nzera kila Jumapili haijafika huko.

Basi, mama wa Nyankumbu, lirudishe gurudumu, lakini kwa sharti. Mzee kwanza apimwe presha, kwa kuwa shinikizo la damu halipigi hodi, na kwa umri wake ndilo ninalolihofia kuliko ile 181. Apimwe sukari na wingi wa damu. Kama daktari ataona haja ya kipimo cha umeme wa moyo au kupelekwa Bugando, asibishe. Kisha aache tabia ya kukaa siku sita na kuupiga mwili mjeledi siku ya saba. Nusu saa ya kunyonga polepole siku nne za juma itamjenga kuliko kilima kimoja cha Jumapili.

Ajifunze pia kupima mapigo yake asubuhi kabla hajatoka kitandani, na kuyaandika kwenye daftari. Akizoea kuona 62 au 64, halafu asubuhi moja akute 78, huenda hakulala, au homa inakuja. Joto la mwili likipanda kwa digrii moja, mapigo nayo huongezeka kwa 8 hadi 10 hivi, mara nyingine kabla mtu hajaanza kutetemeka. Kunyonga mbio mwili ukiwa na homa ni kuutwika moyo mizigo miwili. Asubuhi hiyo baiskeli ibaki imeegemezwa ukutani, na safari iwe ya zahanati kupima malaria.