Yusuf Manji na kiti kilichogombaniwa Jangwani

Kijana aliyeanza kuifuata Yanga enzi za Fiston Mayele na Stephane Aziz Ki, akiwa Houston, Muscat au London na simu yake mkononi, huenda hakuelewa kwa nini watu wazima wa Jangwani, makao ya klabu hiyo Dar es Salaam, walishtuka vile mwishoni mwa Juni 2024. Yusuf Manji alikuwa amefariki Florida, Marekani, Juni 29. Hakuwa ametimiza hata miaka 50. Kwenye klabu hakuwa na cheo tena tangu 2017. Timu yenyewe ilikuwa imetwaa ubingwa wa Bara mara tatu mfululizo bila shilingi yake, na ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka uliotangulia. Sasa huyu tajiri wa zamani alikuwa na nini hasa?

Tuanze na jambo ambalo magazeti ya nje hulikosea mara kwa mara. Manji hakuwahi kuimiliki Yanga. Young Africans ilianzishwa 1935 na ni mali ya wanachama wenye kadi, wanaopiga kura, wanaogombana, na kila miaka michache wanapelekana mahakamani. Tajiri anayeingia humo huitwa mfadhili. Fedha anatoa yeye, wachezaji anasajili yeye, kocha akiboronga anafukuzwa kwa neno lake, lakini kwenye karatasi hana hata hisa moja. Siku akichoka, au akichokwa, anaondoka mikono mitupu na klabu inabaki na madeni.

Utaratibu huo ni wa zamani na haukuanzia Yanga. Mwaka 1993 Simba, watani wa jadi wa Yanga, ilifika fainali ya Kombe la CAF ikiwa chini ya Azim Dewji, aliyewaahidi wachezaji kila mmoja gari aina ya KIA wakiifunga Stella ya Abidjan. Walitoka sare bila mabao ugenini, wakarudi nyumbani na imani kwamba kazi imekwisha, wakafungwa mawili mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Magari yale hayakuonekana, na mashabiki wa Yanga wanayataja mpaka leo kila wakitaka kumkera mtu wa Simba. Mohamed Dewji naye aliifadhili Simba tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, akaondoka, kisha akarudi baadaye kwa mlango mwingine ambao tutaufikia.

Manji alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam iliyoanzia kwenye magari na vipuri, na kampuni yake, Quality Group, ikapanuka hadi kwenye majengo na bidhaa nyingine. Enzi hizo, aliyetoka mjini kwenda uwanja wa ndege kwa Barabara ya Nyerere alipita Quality Plaza na Quality Centre. Siasa pia aliitaka mapema. Mwaka 2005 aliwania tiketi ya CCM kugombea ubunge wa Kigamboni akashindwa, na miaka kumi baadaye akawa diwani wa Mbagala Kuu. Maneno juu ya utajiri wake hayakukosekana. Aprili 2009 Reginald Mengi, mmiliki wa vyombo vya habari, alimtaja hadharani miongoni mwa wafanyabiashara aliowaita mafisadi papa. Manji alikanusha, akamfungulia Mengi kesi ya kashfa, akadai fidia ya shilingi moja. Kwa mtu aliyejua thamani ya fedha, ile shilingi moja ilikuwa dharau iliyopimwa vizuri.

Yanga aliingia 2006, klabu ikiwa imegawanyika kati ya Yanga Kampuni na Yanga Asili, mgogoro wa miaka uliokuwa umechosha hata waliouanzisha. Fedha yake ilisaidia kuwakalisha pamoja, maana ni vigumu kuendelea kupigania ofisi isiyo na kitu wakati mtu yuko tayari kulipa mishahara. Kwa miaka kadhaa alikaa nyuma ya pazia, mfadhili asiye na cheo.

Kilichomtoa mbele ni aibu. Mei 6, 2012, siku ya kufunga msimu, Simba iliifunga Yanga mabao 5-0. Kwa asiyejua uzito wa jambo hili, matokeo ya watani wa jadi hayaishi siku ile. Mtu anaonyeshwa vidole vitano kwenye daladala, kazini, msibani. Uongozi wa mwenyekiti Lloyd Nchunga haukuvuka mwezi huo. Julai 15 wanachama wakamchagua Manji kuwa mwenyekiti, Clement Sanga akiwa makamu wake, na wiki mbili baadaye timu ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Azam 2-0 katika fainali. Kocha Mbelgiji, Tom Saintfiet, alikuwa mgeni kabisa mjini. Hakudumu.

Hapo ndipo unapoiona tabia ya enzi ile. Timu ilipelekwa kambi Antalya, Uturuki, jambo ambalo kwa klabu ya Bongo wakati huo lilikuwa kama hadithi. Didier Kavumbagu aliletwa kutoka Burundi, naye Haruna Niyonzima, Mnyarwanda, akabaki kuwa roho ya kiungo. Baadaye wakaja Donald Ngoma na Thabani Kamusoko kutoka Zimbabwe, na Amissi Tambwe, Mrundi aliyekuwa mfungaji bora akiwa Simba, akavuka upande. Ubingwa ulikuja 2013, ukaenda kwa Azam 2014, ukarudi 2015, 2016 na 2017. Lakini makocha waliishi roho mkononi. Ernie Brandts, Mholanzi aliyeleta ubingwa, alitimuliwa Desemba 2013 baada ya kufungwa 3-1 na Simba kwenye mechi ya Nani Mtani Jembe, bonanza tu la kampuni ya bia, pointi hazikuwapo. Mwaka uliofuata Marcio Maximo, Mbrazili aliyewahi kupendwa na nchi nzima akiwa na Taifa Stars, alifungwa 2-0 kwenye mechi hiyohiyo, naye akafungashiwa virago. Ligi unaweza kuongoza, lakini usifungwe na Simba hata kwenye mechi ya kirafiki.

Manji alikuwa mgomvi wa hoja pia. Azam Media ilipopata haki za kuonyesha ligi mwaka 2013, na kila klabu kupangiwa shilingi milioni 100 kwa msimu, Yanga ilikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba haiwezekani Yanga yenye mashabiki nchi nzima ilipwe sawasawa na klabu inayochezea mbele ya watu mia mbili, tena na kampuni ndugu ya klabu inayoshindana nayo uwanjani. Wengi walimwona mchoyo. Ukiisoma hoja ile leo, wakati fedha za televisheni zimepanda mara nyingi, unaona alijua bei ya bidhaa aliyokuwa nayo kuliko waliokuwa wakiiuza.

Halafu kuna Juni 28, 2016, siku ambayo wengi wangeitaja kwanza. Yanga ilikuwa hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho na TP Mazembe ya Moïse Katumbi ilikuwa inakuja Dar es Salaam kutoka Lubumbashi. Yanga ikatangaza kwamba kiingilio ni bure. Uwanja wa Taifa unaochukua watu 60,000 ulianza kujaa tangu asubuhi kwa mechi ya jioni. Wapo walioingia na chakula, wapo walioacha kazi, na wapo waliofika mchana wakakuta milango imefungwa. Yanga ilifungwa 1-0, bao la Merveille Bope kipindi cha pili. Katumbi alikuwa rais wa klabu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Afrika miezi michache tu nyuma. Manji alikuwa ameyaachia mapato ya geti yapotee ili watu waione mechi hiyo. Kibiashara lilikuwa jambo la ajabu. Kisiasa lilikuwa na akili, kwa sababu wiki chache baadaye alihitaji kura za watu walewale.

Agosti mwaka huo, kwenye mkutano wa wanachama ukumbi wa Diamond Jubilee, alisema anachokitaka. Aikodishe Yanga kwa miaka kumi: timu na nembo. Faida ikipatikana, asilimia 75 yake, asilimia 25 ya klabu. Hasara ikipatikana, aibebe mwenyewe. Wanachama walinyoosha mikono wakakubali pale pale. Mzee Ibrahim Akilimali, katibu wa baraza la wazee, akapinga hadharani, na kwa upinzani ule Manji akasusa na kutishia kujiuzulu, mashabiki wakaenda kumbembeleza. Baraza la Michezo la Taifa nalo likasema klabu ya wanachama haikodishwi hivyo. Wakati huohuo, upande wa pili wa mji, Mohamed Dewji alikuwa ameweka mezani shilingi bilioni 20 akitaka asilimia 51 ya Simba.

Inafaa kusimama kidogo hapa, maana mengi yaliyofuata katika mpira wa Tanzania yanatoka kwenye miezi ile. Wafadhili wawili, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wanasema jambo moja: tumechoka kumwaga fedha kwenye kitu kisicho chetu. Dewji alikuja na hisa, Manji akaja na mkataba wa pango. Serikali ilipoweka kanuni, ikaamua mwekezaji asizidi asilimia 49 na wanachama wabaki na 51. Pango la Manji likafa. Pengine lilistahili kufa, kwa sababu lilipitishwa kwa mikono juu bila wanachama kupata nafasi ya kuusoma mkataba, na klabu ya mwaka 1935 haipangishwi kwa shangwe za alasiri moja. Lakini swali alilouliza halikufa.

Mwaka 2017 ulimwangukia. Februari, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alisoma orodha ya watu 65 aliotaka wahojiwe kuhusu dawa za kulevya, na Manji alikuwamo. Alishtakiwa kwa kutumia dawa hizo, akakana. Mei akajiuzulu uenyekiti, siku chache kabla au baada ya timu kusherehekea ubingwa wa tatu mfululizo, kwa namna unavyohesabu sherehe za Jangwani. Julai likaja shtaka zito zaidi la uhujumu uchumi, lisilo na dhamana, la kukutwa na vitambaa vya sare za jeshi na mihuri. Alisomewa akiwa mgonjwa kitandani, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Septemba Mkurugenzi wa Mashtaka akaifuta kesi hiyo, na Oktoba Mahakama ya Kisutu ikamwachia huru katika ile ya kwanza. Udiwani nao ulikuwa umeondoka, kwa kutohudhuria vikao. Baadaye akaondoka nchini.

Klabu aliyoiacha ndiyo inayoeleza zaidi alikuwa nani. Niyonzima akaenda Simba. Mishahara ikakwama, wachezaji wakagoma mazoezi. Msimu wa 2018/19 ulikuwa wa bakuli: mashabiki wakichangishana kwenye matawi na kwa simu, huku kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, akitoa fedha yake mfukoni kusaidia wachezaji. Ajabu ni kwamba timu ile ya bakuli ilimaliza ya pili. Simba ilichukua ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021.

Na kiti? Juni 2018 mkutano mkuu ulikataa barua ya Manji ya kujiuzulu, mwaka mzima baada ya kuiandika. Klabu ikawa na mwenyekiti asiyeonekana. Shirikisho la soka, TFF, likasema nafasi iko wazi, ufanyike uchaguzi. Wanachama wakasema mwenyekiti wetu yupo. George Mkuchika, kwa niaba ya baraza la wadhamini, akatangaza kwamba Manji angerejea ofisini Januari 15, 2019. Tarehe ikafika, ikapita. Ilibidi ifike Mei 5, 2019 ndipo Mshindo Msolla akachaguliwa. Watu wazima, wenye kazi na familia, walikuwa wamemlindia mtu nafasi kwa karibu miaka miwili kwa sababu hawakujua akitoka yeye nani atalipa.

Kampuni ya GSM ndiyo iliyojibu swali hilo. Walianza kwa udhamini, wakaendelea na usajili, na Juni 2021 wanachama wakapitisha mabadiliko ya katiba ya asilimia 51 kwa 49. Mwezi huohuo Manji alikuwa amerejea nchini, akahojiwa na taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, akaachiwa; Jangwani hapakuwa na ofisi iliyomngoja tena. Julai 2022 Hersi Said akachaguliwa kuwa rais wa klabu, cheo ambacho katika katiba ya zamani hakikuwapo, na makombe yakafuatana.

Kwa hiyo tajiri aliyefia Florida aliiacha Yanga ikiwa imara kuliko alivyoiacha 2017, na kwa muundo ambao yeye aliukaribia akaukosa. Waliomkumbuka walikuwa na kumbukumbu tofauti: wengine Kagame ya 2012, wengine geti la bure, wengine kesi, wengine ule mkataba wa miaka kumi waliounyooshea mkono. Msiba haukuwa umepoa wakati, Julai 2024, zilipoenea habari za hukumu ya Kisutu katika shauri la wanachama wa zamani waliopinga uhalali wa katiba ya Yanga na walioteuliwa kwa katiba hiyo. Uongozi wa Hersi ukaita waandishi wa habari, wanasheria wakaanza kupishana, na matawini watu wakarudia kubishana juu ya kadi za zamani na nani hasa ni mwanachama.