Je, Wajua? Misitu Iliyofyekwa Ikarudi

Je, wajua kwamba nchi inayofyeka misitu yake si lazima iendelee hadi mti wa mwisho? Mwaka 1992 mwanajiografia Alexander Mather, wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, alionyesha kuwa misitu ya nchi nyingi hupungua, hufika kikomo, kisha huanza kuongezeka tena.

Kwamba Denmark ilibaki na misitu chini ya asilimia 5 ya ardhi yake? Sheria ya mwaka 1805 iliifukuza mifugo msituni. Leo misitu imepita asilimia 13.

Kwamba ndani ya misitu mikubwa ya Massachusetts, Marekani, utakuta kuta za mawe zisizozunguka chochote? Zilikuwa mipaka ya mashamba. Katika karne ya 19 wakulima wengi walihamia magharibi kwenye udongo wenye rutuba zaidi au wakafuata kazi za viwandani, miti ikajiotea.

Kwamba Korea Kusini ilitoka vitani mwaka 1953 na vilima vitupu? Mpango wa kupanda miti wa mwaka 1973 ulisaidia sana, lakini jiko nalo lilichangia: familia ziliacha kuni zikatumia matofali ya makaa ya mawe, ya mviringo na yenye matundu, kupikia na kupashia sakafu joto. Sasa zaidi ya asilimia 60 ya nchi ni misitu.

Kwamba nchini Costa Rica dereva anayejaza petroli humlipa mkulima asikate miti? Sheria ya mwaka 1996 ilitenga sehemu ya ushuru wa mafuta kwa kazi hiyo.

Kwamba msitu unaweza kurudi kwako ukakatwa kwa jirani? Vietnam iliongeza misitu yake huku viwanda vyake vya samani vikiagiza magogo kutoka Laos na Kambodia.

Kwamba Shinyanga, Tanzania, iliyokaribia kuwa jangwa, ilirejesha zaidi ya hekta 300,000? Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho hadi kiangazi. Wakati ng'ombe wamezuiwa, visiki huchipua.

Kupanda miche pekee hakutoshi. Msitu hurudi pale nyumba inapopata nishati nyingine na mwenye ardhi anapofaidika kwa kuuacha usimame. Basi tunapohesabu miche tuliyopanda, tuhesabu pia magunia ya mkaa yanayoingia mjini.