Rangi ya Picha za Chumvi na Maji ya Kuzioshea

Picha inayochapwa kwa mkono juu ya karatasi ya chumvi yaweza kumfunza mwanafunzi kemia ya mwanga bila mitambo. Huhitaji karatasi, chumvi ya mezani, nitrati ya fedha na jua, ambalo halikosekani Handeni wala Korogwe. Hata hivyo, wengi huvunjika moyo wanapoona picha iliyotoka juani na rangi nzuri ya zambarau ikigeuka nyekundu kama tofali, tena ikafifia, mara itiwapo katika dawa ya kukaza.

Sababu ni hii. Jua hugeuza kloridi ya fedha kuwa chembe ndogo mno za fedha. Rangi tuionayo hutegemea ukubwa wa chembe hizo na kile kinachozizunguka. Dawa ya kukaza, yaani thiosalfeti ya sodiamu, huyeyusha kloridi isiyoguswa na mwanga. Tabia hiyo iligunduliwa na John Herschel mwaka 1819. Kloridi ikiondoka, rangi hubadilika. Dawa ikiwa na asidi, au picha ikikawia humo, chembe zenyewe huliwa.

Kwa hiyo picha na ichapwe kwa weusi unaozidi ule unaotakiwa. Ioshwe kwanza mpaka maji yasigeuke meupe kama maziwa. Kisha ikazwe kwa dakika nne au tano katika dawa ya gramu 100 kwa lita moja, iliyotiwa chembe ya magadi ili kuondoa asidi. Anayetaka zambarau ibaki huitia picha katika kloridi ya dhahabu kabla ya kuikaza, kwani dhahabu huifunika fedha. Wala rangi isihukumiwe picha ikiwa mbichi: ikikauka hukolea.

Linalobaki ni maji. Korogwe imepitiwa na Mto Pangani, lakini Handeni maji huwa adimu, na kishawishi cha kupunguza uoshaji ni kikubwa. Dawa inayosalia katika karatasi hutoa salfa. Salfa huishika fedha, na picha huwa ya manjano kisha hufutika. Badala ya kuacha bomba litiririke, ilaze picha ndani ya bakuli kwa dakika tano, umwage, utie maji mapya, urudie hivyo mara kadhaa. Maji machache yaliyobadilishwa mara nyingi huosha vizuri zaidi kuliko maji mengi ya mara moja.

Nitrati ya fedha huunguza macho: vaa miwani.